Mbuzi Hula Pale Anapofungwa
Maneno ya monitere wa kilimo kwa watu wa Kamatanda

Walio nyuma wasogee karibu, kwa maana sina sauti ya padri. Leo sitasema habari za mahindi wala za mihogo. Nitasema habari za mbuzi. Najua wengine watacheka moyoni na kusema: mbuzi, nani asiyemjua? Babu zetu walifuga mbuzi pasipo monitere. Ni kweli. Tena babu zetu waliyeyusha shaba katika nchi hii kabla ya mzungu kufika, kwa makala na mivuo yao. Lakini shimo lao lilikuwa dogo, na vumbi lao lilikuwa dogo. Hawakuona magari ya mizigo yanayopita usiku na mchana na kumwaga vumbi juu ya majani. Hawakuona mto uliooshewa mawe mpaka chura wakahama. Mbuzi ni yule yule, lakini mahali anapokula pamebadilika. Ndiyo sababu ya maneno yangu.

Kuna neno linalosemwa sana katika Kongo yetu: mbuzi hula pale anapofungwa. Watu wengine hulitumia kwa kujitetea. Karani akikudai franka kwa karatasi iliyo haki yako, atakuambia mbuzi hula pale anapofungwa, naye amefungwa penye meza yake. Neno hilo wameliharibu. Mimi nataka kulirudisha kwa mwenyewe, yaani kwa mbuzi. Mbuzi aliyefungwa hakuchagua kamba, wala kigingi, wala maji. Mkono uliofunga kamba ndio uliochagua. Ukimfunga penye majani mema atakula majani mema. Ukimfunga penye sumu atakula sumu, naye hatakuambia neno.

Tazameni nyumba zetu. Baba anakwenda kuchimba, au anachoma makala porini, au anatafuta kazi mjini Likasi. Siku nyingine anarudi na franka, siku nyingine anarudi na jasho tu. Mama analima mahindi na viazi. Nyuma ya nyumba kuna mbuzi watatu au wanne. Mtoto akiugua usiku, mbuzi mmoja analipa dispanseri. Minervali ya sekondari ikifika, anauzwa mwingine. Matanga yakiingia, anachinjwa mwingine. Katika nyumba hii hakuna abebaye mizigo ya watu kama yeye. Na huyo huyo ndiye anayeshinda juani pasipo maji toka asubuhi mpaka jioni, shingo imechubuka kwa kamba ya nailoni. Mimi naona jambo hilo si haki. Halafu halileti faida, kwa maana mbuzi mwenye kiu hana maziwa, na mtoto wake hufa kabla ya kujifunza kula majani. Ukihesabu vema utaona kwamba mbuzi waliokufa bure katika kijiji kimoja kwa mwaka wangelipa masomo ya watoto wengi.

Nianze kwa maji, kwa sababu hapa kwetu maji ndiyo taabu ya kwanza. Udongo wetu una shaba na kobalti. Mungu ndiye aliyeziweka, nasi hatuwezi kuziondoa. Zikikaa chini ya ardhi hazituudhi sana. Zikichimbwa, zikasagwa, zikaoshwa mtoni, huingia katika maji na katika vumbi. Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walitangaza kazi yao ya kupima mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha, chini ya kilometa 3, walionekana kuwa na kobalti nyingi sana kupita watu wa sehemu ya mbali isiyo na migodi. Fikirini wenyewe. Mtu anaosha mikono, anaosha mboga, anafunika chungu, na bado inamwingia. Je, mbuzi anayekula majani yenye vumbi na kunywa mtaroni?

Basi shikeni haya. Mto usio na chura wala samaki, na ukingo wake hauna majani, msimpeleke mbuzi huko. Maji ya kijani au ya buluu yanayosimama katika mashimo yaliyoachwa, mzungushieni miiba ili mbuzi asifike. Lakini msidanganywe na macho: maji meupe kabisa yanaweza kuwa na sumu iliyoyeyuka. Lililo jema ni kumnywesha maji ya kisima mnayokunywa ninyi wenyewe, au maji ya mvua yaliyotoka juu ya bati. Mama mmoja aliniambia: monitere, maji ya kisima nayabeba kichwani, nitambebea na mbuzi? Nikamjibu: mama, mbuzi mmoja hunywa lita 3 hadi 5 kwa siku wakati wa kiangazi, na anayenyonyesha huzidi. Bidoni moja ya lita 20 inatosha mbuzi wanne. Naye ana wana wawili wakubwa wenye shingo nene. Hao nao wana vichwa vya kubebea.

Kuhusu bidoni nina neno moja la ukali. Katika nchi ya viwanda bidoni na mapipa hupita mkono kwa mkono. Bidoni iliyobeba asidi au dawa ya kiwanda usiitumie kwa maji ya mtu wala ya mnyama, hata ukiiosha mara kumi, hata kama aliyekuuzia ni shemeji yako.

Beseni la maji lifungeni kwenye kigingi lisipinduke, na kuosheni kila siku. Mbuzi hula takataka nyingi, lakini kwa maji ana kiburi. Akiona mavi yake ndani ya beseni, atakaa na kiu siku nzima.

Sasa majani. Mnavijua vile viwanja vya porini ambapo miti haioti, pana majani mafupi tu na maua madogo. Waliotafuta shaba zamani walivijua pia. Kuna ua moja ambalo wenye elimu wamelipa jina la nchi yetu, wakaliita Haumaniastrum katangense. Linapenda udongo wenye shaba nyingi, na kwa hiyo watu waliita ua la shaba. Mtafuta mawe akiliona anafurahi. Mfuga mbuzi akiliona na apite mbele, asipige kigingi hapo. Kadhalika kando ya barabara ya magari ya mawe: majani huko ni marefu na ya kuvutia, lakini yamepakwa unga. Kateni majani mbali na barabara. Mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua ya kwanza, vumbi ni baya zaidi, kwa sababu hakuna kitu kilicholiosha tangu mwezi wa nne.

Hapa niseme habari za kondoo, maana wengi wananiuliza kwa nini siwahimizi kufuga kondoo, ambaye ni mpole na haharibu shamba la jirani kama mbuzi. Kondoo ni mnyama mwema, lakini shaba ni adui yake kuliko ilivyo kwa mbuzi. Kila shaba anayokula zaidi ya haja yake huwekwa katika ini. Ini linajaa polepole, miezi kadhaa, na kondoo anaonekana mzima, pengine amenona. Halafu siku moja anapata mashaka: safari, njaa, baridi ya mwezi wa saba, au mbwa amemfukuza. Ini linaachia shaba ile yote kwa mara moja, na damu inaharibika mwilini. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai iliyozidi kuchemka, na baada ya siku moja au mbili amekufa. Watu watasema amerogwa na jirani. Nawaomba msimshitaki jirani kabla ya kutazama mahali kondoo alipokuwa akila. Mbuzi anastahimili shaba kupita kondoo, na ndiyo sababu nasema katika nchi hii mbuzi kwanza. Lakini kustahimili si kushindwa kufa. Mwenye kondoo akae nao mbali na mashimo, wala asiwape chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ng'ombe, kwa maana mara nyingi imetiwa shaba.

Majani mema tunayo mengi. Matembele ni chakula kizuri sana. Mabua ya mahindi baada ya mavuno, majani ya karanga, maganda ya maharage, yote haya watu huyachoma moto kana kwamba ni uchafu, na mwezi wa tisa mbuzi wao wanalamba ukuta. Yakusanyeni mwezi wa tano, myaanike, myaweke juu ya uchaga penye paa. Sombe na majani mengine ya mihogo, hasa ya mihogo michungu, yana sumu yakiwa mabichi. Yaanikeni mpaka yanyauke vema kabla ya kumpa mbuzi. Kuzunguka nyumba mnaweza kupanda leusena iwe kama ukuta: inavumilia kukatwa na mbuzi wanaipenda. Msiwape leusena peke yake, theluthi moja ya chakula inatosha. Na funikeni magunia ya mahindi. Mbuzi akiingia ghalani na kushiba mahindi makavu, tumbo linachachuka, naye anaweza kufa kwa shibe. Mifuko ya nailoni nayo iokoteni kila asubuhi. Akiimeza haiyeyuki, inafunga tumbo, anakonda huku tumbo limejaa.

Niseme habari za kamba. Kamba si dhambi. Jirani yako amelima viazi, na mbuzi wako akivila mtakwenda kwa chifu, na huko mtatumia franka kupita thamani ya viazi. Lakini kuna kufunga na kuna kutesa. Kamba iwe ya meta 4 au 5, isiwe fupi kama ya mbwa wa mlinzi. Shingoni uweke mshipi mpana wa ngozi au wa kitambaa kilichoshonwa, usifunge nailoni nyembamba inayokata. Pasiwe na kisiki wala mti karibu ambao kamba itauzunguka mpaka mbuzi asimame amekaza shingo. Kuwe na kivuli saa sita. Kigingi kihamishwe mara mbili au tatu kwa siku. Tena mbuzi aliyefungwa atazamwe. Mbwa wakija hawezi kukimbia, na mwizi akija hawezi kupiga kelele nyingi. Wala usimfunge mmoja peke yake mbali na wenzake. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Aliye peke yake analia, anazunguka, hali. Watu wanasema ana pepo. Hana pepo, ana upweke.

Kuchunga ni bora kuliko kufunga, akiwapo mchungaji. Lakini mchungaji asiwe mtoto wa shule saa za shule. Nimeona watoto wa miaka minane wakifuata mbuzi saa mbili ya asubuhi, na wenzao wanasoma. Ukimfuga mbuzi ili alipe minervali, halafu mtoto akose kusoma kwa ajili ya mbuzi, hesabu yako imekwenda kombo.

Nyumba ya mbuzi. Wengi wetu huwalaza jikoni, ndani ya moshi, au chini ya ukingo wa paa penye matope. Mbuzi hachukii baridi kama anavyochukia maji. Akilala juu ya matope na mavi, kwato zinaoza na kifua kinashikwa na mafua. Jengeni kibanda cha miti, sakafu iinuliwe juu, kama kimo cha kiuno cha mtu mzima. Sakafu iwe ya fito zilizopangwa, kati ya fito na fito nafasi ya kidole kimoja: mavi na mkojo vipite chini, mguu wa mtoto wa mbuzi usipite. Kila mbuzi mkubwa apate nafasi ya meta moja na nusu kwa meta moja. Paa la majani linatosha. Bati linachoma mchana na usiku wa Juni na Julai linaleta baridi kali. Upande wa upepo uzibwe, upande mwingine uachwe wazi kwa hewa. Kibanda hiki hakitaki sementi wala fundi. Mavi yanayoanguka chini yafagiwe kila juma, yarundikwe na majani mpaka yaoze, halafu yaende bustanini. Udongo wetu mwekundu ni maskini, na wenye kununua mbolea ya gunia wanajua bei yake.

Sasa magonjwa. Sitayataja yote, maana tungelala hapa. Nitataja mawili.

La kwanza ni minyoo, hasa ile inayokaa tumboni na kunywa damu. Hupanda juu ya majani yenye umande. Basi msiwatoe mbuzi alfajiri. Ngojeni jua likaushe umande. Msiwarudishe mahali pale pale kila siku. Na jifunzeni kutazama jicho. Shika kichwa cha mbuzi taratibu, bonyeza jicho kidogo kwa kidole gumba, na kidole kingine kivute kope ya chini. Ndani ya kope pana nyama. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa ya rangi ya waridi iliyofifia, angalia. Ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo imemaliza damu yake, naye anataka dawa leo, si Jumapili. Waganga wa wanyama wa Afrika Kusini wametengeneza karatasi yenye rangi tano za kulinganisha na jicho. Nimeitumia, ni rahisi hata kwa asiyejua kusoma. Faida yake ni kwamba unampa dawa yule tu mwenye haja. Ukiwapa wote kila mara, minyoo huizoea dawa, halafu dawa inakuwa maji tu. Wala usinunue dawa iliyokaa juani juu ya meza ya barabarani, wala usipime kwa kukisia. Dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama.

La pili ni tauni ya mbuzi na kondoo. Hii ni mbaya. Mbuzi anashikwa na homa, macho na pua vinatoa usaha, mdomo unapata vidonda na kunuka, anahara, anapumua kwa shida, na mara nyingi anakufa katika juma moja au zaidi kidogo. Katika 2012 iliua mbuzi wengi sana katika Kongo yetu. Haimshiki mtu. Dawa ya kuiponya hakuna, lakini kuna chanjo, na sindano moja humlinda mbuzi miaka mitatu au zaidi. Katika 2015 mataifa yalikutana Abidjan na kuweka shabaha ya kuumaliza ugonjwa huu duniani kabla ya 2030 kwisha. Msiseme ni ndoto. Sotoka ya ng'ombe, iliyomaliza mifugo ya Afrika mwisho wa karne ya 19, ilitangazwa kwamba imekwisha katika 2011, na iliyoimaliza ni chanjo. Lakini chanjo haifanyi kazi kama mbuzi wamefichwa. Wengine huficha mbuzi veterineri akija, kwa kuogopa kwamba anakuja kuhesabu kodi. Anayemficha mbuzi anaihifadhi tauni kwa ajili ya kijiji kizima. Na mbuzi mpya uliyemnunua sokoni, usimwingize kundini siku ile ile. Mweke peke yake, lakini awaone wenzake kwa mbali, majuma matatu.

Uzazi nitausema kwa kifupi. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano. Jike mchanga asipandwe kabla hajakomaa mwili. Akizaa ni mtoto, yeye na kitoto watateseka wote wawili. Kitoto kikizaliwa kinyonye upesi yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano. Msiyakamue kuyamwaga, ndiyo kinga yake. Kitovu kipakwe iyodi. Beberu mmoja anatosha majike ishirini na zaidi, kwa hiyo nyumba nne au tano zinaweza kuwa na beberu mmoja tu wa shirika. Baada ya miaka miwili mbadilishane na kijiji kingine, asije akawapanda binti zake. Madume mengine wahasiwe wakiwa wadogo, kwa koleo la veterineri. Kumhasi dume mkubwa kwa wembe, ameshikwa na watu wanne analia, ni ukatili, na kidonda chake huingia inzi na funza.

Na kila nyumba iwe na kaye moja ya mbuzi. Andikeni tarehe aliyopandwa, aliyozaa, aliyochanjwa, dawa aliyopewa, na mahali alipokula. Mahali alipokula, nasisitiza. Mbuzi wawili wakiharibu mimba katika mwezi mmoja, fungua kaye, utaona kama wote walikuwa upande mmoja wa mto.

MASWALI YA WATU

Kijana mmoja ameuliza habari za mnyama anayeitwa alpaka, mwenye manyoya mengi, ambaye ameona picha yake; je, tukimleta hapa hatutatajirika?

Alpaka ni mnyama wa milima ya Andes, hasa nchi ya Peru. Anakaa juu sana penye baridi, meta 4,000 na kupita. Hunyolewa mara moja kwa mwaka, na manyoya yake hufanywa nguo ya thamani. Huko jamaa ndogo ndogo za wenyeji ndizo zinazomfuga, na nawasifu, kwa maana mnyama haitaji kufa ili alipe. Lakini manyoya yale ndani ya joto la mwezi wa kumi wa Likasi yanaweza kumwua. Halafu wafugaji wake wanaonya kwamba shaba nyingi humdhuru kama inavyomdhuru kondoo. Kumleta mnyama wa namna hiyo Kamatanda ni kumfunga palipo na kifo chake. Kijana, chukua majike wawili wa mbuzi wa kwetu. Kama ni picha tu, hata mbuzi anakubali kupigwa picha.

Mama mmoja ameuliza: mnunuzi wa Kikula akija na kumfunga mbuzi miguu, akamning'iniza nyuma ya kinga kichwa chini, mimi nifanye nini? Amekwisha kulipa.

Mama, sema kabla hajalipa. Mbuzi aliyening'inizwa kichwa chini hupumua kwa shida, maana tumbo lake zito linaminya mapafu, na akifika amevimba miguu au amekufa njiani. Wanunuzi wanajua, lakini wana haraka. Mwambie: mbuzi huyu anatembea au anakaa ndani ya kikapu kipana, miguu chini na kichwa juu, au simuuzi. Wanawake wa kijiji wakisema neno hilo wote pamoja, mnunuzi atanunua kikapu. Mmoja akisema peke yake, mnunuzi atakwenda kwa jirani. Zungumzeni ninyi kwa ninyi kabla ya siku ya soko.

Mzee mmoja ameuliza neno zito. Amesema: monitere, ukimtunza mbuzi namna hii, ukampa maji ya kisima na nyumba na jina, siku ya matanga mkono utakataa kumchinja. Je, unatufundisha kufuga au kulia?

Mzee, sijui kama mkono wako utakataa. Wangu hutetemeka kidogo, na bado nachinja. Nitakujibu kwa kazi. Siku ile usimwache afungwe toka asubuhi mbele ya waombolezaji, na watoto wanamchokoza kwa fimbo. Mlete wakati ukiwadia, aje kwa miguu yake, na aongozwe na yule aliyezoea kumlisha. Pasiwe na mbuzi wengine wanaotazama, wala damu ya mwingine chini. Kisu kinolewe jana, kiwe kirefu kuliko upana wa shingo, na kijaribiwe juu ya jani. Mchinjaji awe mmoja, mwenye kuijua kazi, asiwe kijana anayetaka kuonyesha nguvu mbele ya wageni. Akate mara moja. Ngoja mpaka jicho lisijibu ukiligusa, ndipo uanze kuchuna. Na ini litazame kabla ya kulipeleka jikoni: likiwa na rangi ya manjano au limebadilika, lizike, halafu nenda ukatazame mahali alipokuwa akila.